Ukitaka kuuza fulana za kuchangia maafa, fungua daftari kabla hujafungua programu ya kuchorea ya Illustrator

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang, mkoani Manyara, vikaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80, na mpaka jioni ile picha za nyumba zilizofukiwa hadi dirishani zilikuwa kwenye kila grupu la WhatsApp. Kwenye grupu letu la madizaina hapa Dar haikufika hata saa tatu usiku mtu akatupia mokapu ya kwanza, yaani picha ya mfano wa bidhaa kabla haijatengenezwa, fulana nyeusi, mlima mweupe kifuani, chini yake maneno ya Kiingereza ya kuombea Hanang. Wa pili akaja na ya kwake, wa tatu akaja na kofia. Mimi nilikuwa wa nne.

Nieleze nilichofanya maana ndicho kilichonifanya niandike mwongozo huu. Niliposti fulana kwa shilingi 20,000 nikaandika "mapato yote yataenda kwa wahanga wa Hanang", nikaenda Kariakoo kesho yake asubuhi, fulana tupu ya pamba inayovalika nikaipata kwa 8,000, kuprint rangi mbili 3,500, mfuko na lebo 700, nauli ya boda na zile zilizoharibika wino ulipovuja tuseme 800 kila moja. Jumla 13,000. Fundi akaniambia nikichukua 80 tunafanya bei hiyo, nikichukua chini ya hapo inapanda, nikachukua 80. Zikauzwa 62.

Sasa piga hesabu na wewe. 62 mara 20,000 ni 1,240,000. Gharama ya 80 ni 1,040,000. Kilichobaki ni laki mbili. Yaani kila mtu aliyetoa elfu ishirini akijua anawachangia watu wa Katesh, kilichopatikana kwa ajili ya Katesh kutoka kwenye hela yake ni elfu tatu na mia mbili na ushee. Na niliandika mapato yote!

Januari mama mmoja wa Mbagala aliyenunua mbili, yake na ya marehemu mumewe alivyosema, maana mumewe alikuwa mtu wa Babati, akaniandikia: "Mwanangu, zile hela zetu zilifika salama?" Nikamjibu shikamoo mama, halafu nikakaa na simu mkononi sijui niandike nini kinachofuata. Nilimwambia ukweli wote na hesabu yote, nikachukua mkopo kwenye kikoba chetu nikatimiza 10,000 kwa kila fulana iliyouzwa, 620,000, ndiyo ikapelekwa. Hakunilaumu. Lakini lile swali lake lilikuwa la haki kabisa na nilitakiwa kuwa na jibu lake kabla sijauza hata moja.

Kwa hiyo ndugu zangu madizaina, maana maafa mengine yatakuja na najua mikono itawawasha tena, someni hivi.

Kwanza, hela hiyo ni amana

Ukiuza fulana ya kawaida mteja anakulipa, unampa mzigo, mmemalizana. Fulana ya maafa ni tofauti kwa sababu mteja anakulipa vitu viwili kwa mkupuo mmoja, bei ya nguo na mchango wake, na ule mchango sio wako hata dakika moja, umepewa uubebe tu. Wazee wetu wana jina lake, ni amana. Amana huichanganyi na hela ya kodi ya frem.

Na utaratibu wa kubeba amana tunao tayari, wala hatuhitaji kuuiga popote. Nenda kwenye msiba wowote wa kwetu uangalie pale mlangoni, kuna meza, kuna mtu mwenye mwandiko mzuri na daftari la kaunta, kila anayetoa rambirambi jina linaandikwa na kiasi kinaandikwa, hata kama ni elfu mbili, na kabla watu hawajatawanyika mtu anasimama anasoma: zimeingia kadhaa, jeneza kadhaa, usafiri kadhaa, chakula kadhaa, salio hili hapa anakabidhiwa fulani. Hakuna anayeona ni kumtilia shaka mwenye daftari, ndivyo inavyofanyika tu. Sasa kwa nini sisi tukikusanya kwa njia ya fulana tunaona aibu kusoma daftari?

Basi kabla ya dizaini, nunua daftari. La karatasi au Excel, vyovyote, lakini liwepo siku ya kwanza.

Jiulize kama fulana inahitajika kweli

Hili swali hatulipendi maana tunataka kufanya kitu kwa mikono yetu, na nia ni nzuri, naijua, hata mimi nililala saa tisa usiku ule nachora ule mlima. Ila kama wanunuzi wako wote ni watu ambao wangetuma elfu ishirini moja kwa moja kwenye akaunti ya maafa, basi fulana yako imewapunguzia watu wa Katesh elfu kumi na tatu kwa kila kichwa. Kwa watu hao dizaini yako bora ni bango moja safi lenye namba sahihi ya kuchangia, jina sahihi la akaunti, herufi kubwa zinazosomeka kwenye stetasi ya simu ya kioo kidogo. Tuliokaa kwenye fani tunajua thamani ya kitu kama hicho, siku ya maafa namba zinasambaa kwenye skrini shoti zilizofifia, tarakimu moja ikikosewa hela inaenda kwa mtu mwingine kabisa.

Wakenya mwaka 2011 wakati wa ile njaa ya kaskazini walifanya Kenyans for Kenya, Safaricom Foundation, KCB, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wa Kenya, lengo shilingi milioni 500 za Kenya ndani ya wiki nne, mtu anatuma hata shilingi 10 kwa M-Pesa, na lengo likapitwa. Hakikuuzwa kitu ndipo mtu achangie. Njia ilikuwa nyepesi na inaeleweka, basi.

Fulana inafaa lini? Inafaa kama gharama zimebebwa na mtu mwingine, mfano kiwanda kimetoa fulana tupu bure au fundi mwenyewe kwa hiari yake kachangia kazi. Inafaa kama unawafikia watu ambao wasingechangia kabisa, labda wapo nje ya nchi na wanataka kitu cha kuvaa, au kampuni inataka kuwanunulia wafanyakazi 200 kwa bei ya juu. Inafaa pia baadaye, na hili ndilo nalipenda zaidi. Wiki ya kwanza kila mtu anachangia na kamera zipo, baada ya miezi sita hakuna kamera na mtu bado anatafuta mabati. Fulana inachukua wiki mbili kutengenezwa hata ukikimbia vipi, haiwezi kuwa msaada wa wiki ya kwanza, kwa hiyo ipangie kazi ya miezi ya mbele, madaftari ya watoto shule zikifunguliwa, mbegu, kujenga upya.

Na kuna njia ambayo madizaina wengi hatuifikirii, kuuza kazi badala ya kitu. Sema hivi: wiki hii nachora logo tatu, kila moja laki tatu, mteja hanilipi mimi, anatuma kwenye akaunti ya maafa ananionyesha risiti naanza kazi. Pamba hakuna, wino hakuna, boda hakuna, laki tatu inafika laki tatu. Mbona rahisi? Tena hela haigusi mkono wako.

Walichofanya wenzetu wa mabango nao kinafaa kuangaliwa. Baada ya tetemeko la Haiti Januari 2010 kuna mradi uliitwa Haiti Poster Project, wabunifu wa nchi mbalimbali walichangia mabango ya idadi ndogo, yamesainiwa na kupewa namba, yakauzwa na hela ikaenda kwa Madaktari Wasio na Mipaka. Karatasi ni nyepesi, haina saizi, na kinachomvutia mnunuzi ni mkono wa msanii kwa hiyo mchango kwa kila kipande unakuwa mkubwa kuliko gharama. Fulana ya 20,000 haina nafasi hiyo.

Andika shilingi, acha "sehemu ya mapato"

Hapa ndipo pana dhambi kubwa kuliko zote kwa maoni yangu. "Sehemu ya mapato itaenda kwa waathirika." Sehemu gani? Shilingi hamsini nayo ni sehemu. "Faida yote" nayo inateleza vilevile, maana faida unaihesabu wewe, unaweza kuweka bando lako, umeme wako, chakula chako cha mchana, faida ikabaki sifuri na hujadanganya kwenye karatasi. "Mapato yote" ndiyo niliyoandika mimi na ilikuwa uongo tangu mwanzo kwa sababu gharama ilitoka humohumo, sikukusudia ila ilikuwa uongo.

Andika hivi: "Bei 25,000. Kutoka kila fulana 12,000 zinaenda kwa fulani, kwa kazi fulani. 13,000 ni gharama ya fulana na kuprint. Usafiri unalipa mwenyewe kwa boda, bei halisi. Mauzo yanafungwa tarehe fulani, hesabu naposti hapahapa tarehe fulani." Mistari minne. Mtu akisoma anajua anafanya nini, akiona ni heri atume 25,000 zote moja kwa moja atume, na mwambie kwenye posti hiyohiyo kwamba anaweza, weka namba rasmi pale chini. Najua inaonekana kama unajiharibia soko lakini soko lenyewe lilikuwa la nani?

Suala la usafiri usilipuuze. Mwaka 2011 baada ya tsunami ya Japani Lady Gaga aliuza bangili za mpira za dola 5 za kuwachangia Wajapani, halafu mawakili wa Michigan wakafungua kesi wakilalamikia hela ya kutuma mzigo iliyoongezwa juu ya bei. Upande wake ulikana, na kesi ikaishia kwa makubaliano. Mimi sisemi alikula hela ya mtu, ninachosema ni kwamba mradi wa watu wenye wahasibu na mawakili ulifika mahakamani kwa ajili ya kitu kidogo kama nauli ya kifurushi. Sasa wewe mwenye daftari la kaunta na boda wa kijiweni andika mapema nauli ni shilingi ngapi na nani anailipa.

Jambo jingine kwenye maneno ni kutaja anayepokea kwa usahihi, maana ukishalitaja jina umefungwa nalo. Australia Januari 2020 wakati wa moto wa misitu mchekeshaji Celeste Barber alianzisha mchango Facebook, ikaingia zaidi ya dola milioni 50 za kwao, jambo ambalo hata yeye hakulitegemea. Watu wengi walidhani hela itagawanywa, wengine waliounguliwa nyumba watapata, mpaka wanyama na majimbo mengine. Ila kwenye ukurasa wa mchango aliyeandikwa kupokea ni mfuko wa zimamoto wa vijijini wa New South Wales, na Mei 2020 mahakama ikaamua hela haiwezi kwenda kwa taasisi nyingine nje ya masharti ya mfuko ule hata kama waliochangia na aliyekusanya wanataka iende. Kwa hiyo usiandike "wahanga wa mafuriko" ukamaliza. Kata shauri na uandike taasisi gani, mkoa gani, kazi gani, na zikizidi zifanye nini.

Nani anapokea

Usiite mkusanyiko kabla hujaongea na anayepokea. Piga simu, nenda ofisini, omba barua au hata ujumbe wa maandishi unaosema wanajua unauza bidhaa kwa jina lao na wanakubali kupokea. Taasisi nyingine hazitaki, wana sababu zao, waheshimu. Ukitaka kutumia nembo yao kwenye fulana hiyo ni ruhusa nyingine tofauti, usidhani moja inabeba nyingine.

Hasa alama ya msalaba mwekundu jamani. Nimeiona kwenye mokapu nyingi mno kwa sababu dizaina anawaza msaada anawaza msalaba, na ni umbo rahisi, linapendeza kwenye nyeupe. Ile alama inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Kazi yake ni kuwaonyesha watu wenye bunduki kwamba hapa pana tiba, pasipigwe. Ikizoeleka kama pambo la fulana inapungua nguvu mahali ambapo mtu anaitegemea kubaki hai. Hata kama hela yote unaipeleka Msalaba Mwekundu, usiichore bila kibali chao. Mikono, mvua, mlima, jembe, mwiko, paa, maumbo hayajaisha.

Akaunti nayo. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 serikali ilitangaza akaunti ya kamati ya maafa, halafu zikaibuka tuhuma kwamba imefunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana, mpaka Rais Magufuli akatengua uteuzi wa viongozi waliotuhumiwa. Watu hawajasahau. Ndiyo maana ukiposti namba ya simu yako binafsi yenye jina lako la kawaida watu wanasita, na wana haki ya kusita. Chukua lipa namba au laini mpya ya kazi hii peke yake, kama mpo kikundi fungueni akaunti ya sahihi mbili, na mtu wa tatu asiye dizaina, mwalimu, katibu wa msikiti, mhasibu wa kanisani, ndiye ashike daftari. Usichote hela ya kula humo hata kama utairudisha jioni.

Kisheria pia usiende gizani. Kenya ina sheria ya siku nyingi inayotaka makusanyo ya umma yawe na kibali, na hapa kwetu anza na ofisi ya mkuu wa wilaya uulize utaratibu kabla hujatangaza kitu kikubwa. Kodi nayo ipo, ukiuza bidhaa umeuza bidhaa, nenda TRA uulize kabla, na kama umesajiliwa VAT kodi hiyo iko ndani ya ile bei, iingize kwenye hesabu ya gharama isije ikakatwa kwenye mchango.

Unachora nini

Fulana ya maafa inavaliwa na mtu aliye salama, mwenye maafa anaiona kwenye picha au kwa macho. Jaribio langu siku hizi ni hilo tu: je, naweza kuivaa hii nikashuka stendi ya Katesh, nikapita mbele ya mtu aliyezika wawili? Ile ya mlima mweupe nisingeweza. Yule mlima ndio uliowaangukia! Mimi niliuchora mzuri, una ukungu, kama wa kalenda ya watalii.

Usiweke picha ya mama analia. Usiweke mtoto aliyepakwa tope. Mtu yule hakukupa ruhusa, siku ile alikuwa hana hata pa kukaa, na uso wake utazunguka vifuani mwa watu miaka mitatu mpaka fulana ichakae iwe dekio. Picha ya gazeti ni ya mpiga picha, ukiichorachora juu haiwi yako. Na namba ya waliokufa usiiandike kwenye nguo, itabadilika kesho, na zaidi ya hapo ile namba ni watu.

Angalia na utambulisho wa watu. Kuna dizaina alijaza michirizi ya shuka la Kimasai kwa sababu Hanang ni Manyara na Manyara kichwani mwake ni Wamasai, wakati wenyeji wengi wa kule ni Wabarbaig na Wairaqw, na wana urembo wao na mavazi yao ya ngozi na shanga zao zinazotofautiana kabisa. Mtu kapoteza nyumba, halafu unamvalisha kabila la jirani. Simu moja tu kwa mtu wa kule ingetosha. Mtafute, muonyeshe rasimu, muulize neno gani watu wa kule wanaambiana sasa hivi, na akikwambia hiyo hapana, basi hapana.

Mfano wa kazi iliyoshika mkono ni ya Milton Glaser, dizaina wa New York. Ile "I ♥ NY" aliichora miaka ya sabini, na baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 akaichora upya, maneno yakasema naipenda New York kuliko wakati wowote, na moyo mwekundu akauwekea doa dogo la kuungua pembeni. Hakuna jengo linalowaka, hakuna moshi. Doa tu. Nimeliangalia lile doa mara nyingi sana, jinsi alivyoamua kuishia pale.

Sisi wa pwani tuna kanga, na sijui kwa nini tunakimbilia fulana kila mara. Kanga ina jina lake pale chini, tumezoea kuambiana pole na kutiana moyo kwa jina la kanga, inavaliwa msibani, inabeba mtoto, na haina saizi kwa hiyo huwezi kubakiwa na XXL kumi na nne. Kiwandani wanataka oda kubwa kwa hiyo ni kazi ya kikundi, lakini wadau wakiungana inawezekana.

Jina lako liwe dogo. Saini ndani ya kola inatosha. Usitumie kampeni kuomba wafuasi, usiweke logo ya studio sawa na jina la mahali palipoharibika. Kama baadaye utaiweka kwenye potifolio weka na hesabu pembeni, iliuzwa ngapi, ikapelekwa ngapi.

Usitume fulana kwa waliopatwa

Naweka peke yake maana linarudi kila maafa: "nunua moja, moja inaenda kwa mhanga." Mwaka 2010 Mmarekani mmoja mfanyabiashara wa matangazo ya fulana alitangaza kukusanya fulana milioni moja azilete Afrika, Waafrika na watu wa misaada wakamwambia wazi huku nguo zimejaa, mitumba inamwagwa kila soko, utalipia meli kuleta kitu ambacho kinaumiza cherehani za watu, na mpango ukaachwa. Sisi tusirudie hilo sisi kwa sisi kutoka Dar kwenda Manyara. Kama anayepokea amekwambia kwa maandishi wanahitaji doti 300 za kanga, peleka doti 300 za kanga. Kama hajasema, peleka hela.

Fundi alipwe

Dizaina ukichangia muda wako ni hiari yako na mimi naona saa zetu za kuchora tusizidai kwenye kazi hii. Lakini usimfuate fundi wa kuprint ukamwambia "hii ni ya msaada kaka, nifanyie bure" mbele za watu. Ana kodi, ana vijana wawili wanaolipwa kwa siku, akikataa anaonekana hana utu. Mlipe bei yake, akitaka kukupunguzia atakwambia mwenyewe, na punguzo hilo liandike daftarini kwa jina lake kama mchango wake maana ndio mchango wake. Vivyo hivyo kwa dizaina mwenzako, usimchukulie kazi ukaiweka kwenye kampeni halafu ndio umwambie.

Chukua oda kwanza, print baadaye

Laiti ningejua hili. Posti mokapu, fungua oda siku tano, watu walipe kamili, funga, hesabu saizi, kaprint idadi ileile ukiongeza mbili tatu za kuharibika. Fundi atasema chini ya 80 bei inapanda, sawa, ipande, iweke kwenye bei. Zile 18 zangu zilizobaki zilikula 234,000, yaani zaidi ya kiasi chote kilichokuwa kimebaki kwa ajili ya Katesh.

Weka na kiwango cha chini: oda zisipofika 30 tunasitisha na kila mtu anarudishiwa au anachagua mchango wake upelekwe hivyohivyo. Liandike hilo kabla. Mpelekee kila aliyelipa ujumbe wa kwamba imepokelewa, na namba yake kwenye daftari, "wewe ni namba 17", ili siku ya hesabu ajitafute.

Siku ya kusoma daftari

Usingoje mpaka uulizwe. Tarehe uliyoitaja posti, hata kama hujamaliza, sema hujamaliza na kwa nini. Yangu ya pili, niliyofanya kwa ajili ya mafuriko mwaka uliofuata, ilisomeka hivi:

Oda zilizolipwa 41. Zimeingia 1,025,000. Fulana na kuprint 533,000. Mchango tulioahidi, 12,000 mara 41, ni 492,000. Makato ya kutuma nimelipa mimi. Zimepelekwa 492,000, risiti ya benki hii hapa. Barua ya waliopokea hii hapa. Zilizoharibika 2, nimezilipia mimi.

Risiti ipige picha inayosomeka lakini ziba namba za simu, majina ya wanunuzi na salio, maana skrini shoti ya M-Pesa inabeba mambo ya watu ambayo hawakukuruhusu kuyaanika, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wanaotaka kutajwa wataje wenyewe. Na usipige picha ya kukabidhi ukiwa umeshika hundi ya boksi huku mama wa watu kasimamishwa pembeni ashukuru, waliopokea wakikuandikia barua inatosha.

Posti hiyo iache ibaki, usiifute baada ya saa 24, ibandike juu ya ukurasa. Daftari lenyewe litunze. Zikibaki fulana baada ya kufunga usiziuze kwa bei ya kutupa kama stoku, na usizipeleke Katesh. Zangu 18 bado zipo kwenye boksi chini ya meza ya kuchorea. Nimeongea na fundi tutazigeuza ndani nje tuzitumie za kujaribia rangi, na ile skrini ya kuprintia yenye mlima tumeshaiosha.